Kiti cha gari cha mtoto mchanga ndani ya ndege: usalama wa mwanangu na mgongo wa abiria wa mbele

Mama Wawili (mleta uzi)

Habari zenu, wanajukwaa. Jambo hili limenikaa moyoni tangu mwezi wa saba, na leo nimeamua kulileta hapa kwa utulivu ili wenye uzoefu wanisaidie kulipima, na wazazi wanaojiandaa kusafiri na watoto wachanga wapate la kuzingatia kabla ya kukata tiketi.

Mimi na mume wangu tunaishi Marekani. Mwaka huu tulimpeleka mtoto wetu wa pili, akiwa na miezi tisa, Dar es Salaam ili bibi na babu zake wamwone kwa mara ya kwanza. Tulimkatia tiketi yake mwenyewe, tukapanda na kiti chake cha gari, kile chenye umbo la ndoo na mpini wa kubebea, ambacho mtoto hulazwa uso wake ukielekea nyuma ya chombo. Ubavuni mwa kiti hicho kuna maandishi mekundu yanayothibitisha kwamba kimeidhinishwa kutumika katika magari na katika ndege. Nilikuwa nimesoma kanuni, nimepima upana wake kwa tepu ya fundi cherehani, na nimeijulisha kampuni ya ndege wiki mbili kabla ya safari. Abiria atakayekaa mbele yetu sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

Alikuwa mzee mrefu aliyevaa bandeji ya kubana goti la kulia. Ndege ilipokwisha kupaa na taa ya mikanda kuzimwa, alibonyeza kitufe ili alaze kiti chake. Mgongo wa kiti ulirudi kiasi cha vidole viwili, ukagota kwenye ukingo wa kiti cha mwanangu. Akajaribu tena. Mara ya tatu alisukuma kwa mabega, mtoto akashtuka usingizini na kuanza kulia.

Mhudumu alifika, akatuomba tukiondoe kiti na kumpakata mtoto, kwa kuwa hajafikisha miaka miwili. Nilimwonyesha yale maandishi mekundu pamoja na tiketi ya mtoto. Akaenda kuulizana na mkuu wake, akarudi na jibu kwamba kiti kitabaki na kwamba mzee yule hataweza kulaza cha kwake mpaka tutue. Ndege ilikuwa imejaa, hapakuwa na pa kumhamishia. Kwa muda wa saa nane, usiku kucha, alikaa wima. Hakunitolea neno baya. Tulipofika alisimama kwa kushikilia kiti cha jirani, akaukunjua mguu polepole, akangoja kidogo ndipo akapiga hatua ya kwanza. Nilimwomba radhi, akaniitikia kwa kichwa. Mguu ule sijausahau.

Sheria ilikuwa upande wangu. Kanuni za Marekani haziruhusu kampuni ya ndege ya nchi hiyo kumkatalia mzazi aliyemnunulia mtoto tiketi asitumie kiti kilichoidhinishwa. Hata hivyo, kuwa na sheria upande wako na kumtendea jirani yako vema ni mambo mawili, na usiku ule nililitimiza la kwanza peke yake.

Kabla hamjaniambia kwamba ningempakata tu, naomba niwaeleze kwa nini sikufanya hivyo. Viti vya ndege za kisasa za abiria hujaribiwa kwa mshtuko wa kusimama ghafla unaofikia mara 16 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Mwanangu ana kilo 9. Katika mshtuko wa kiwango hicho, mikono yangu ingetakiwa kuzuia kitu chenye uzito wa kilo 144 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna mama, hata awe na upendo wa namna gani, mwenye mikono hiyo.

Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United, safari namba 232, ilikuwa inatoka Denver kwenda Chicago wakati injini yake ya mkiani ilipopasuka na vipande vyake kukata mabomba yote ya mafuta yanayoendesha usukani. Marubani walijitahidi kuifikisha Sioux City, jimbo la Iowa, ambako ilianguka wakati wa kutua. Kati ya watu 296, waliofariki ni 112. Ndani yake mlikuwa na watoto wanne wa kupakatwa. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa kuwaagiza wazazi wawaweke watoto sakafuni, wawazungushie mablanketi na kuwashikilia, na mkuu wa wahudumu, Jan Brown, alitoa agizo hilo kama alivyofundishwa. Mmoja kati ya wale wanne, mvulana ambaye hakuwa amefikisha miaka miwili, hakutoka. Nje ya mabaki Jan Brown alikutana na mama wa mtoto huyo akitaka kurudi ndani, na mama akamkumbusha kwamba alikuwa amefanya alichoambiwa. Mwanamke huyo mhudumu alitumia miaka mingi baadaye akiwaomba wakubwa wa usafiri wa anga wa Marekani wafute desturi ya kupakata watoto ndani ya ndege.

Swali langu kwenu, basi, si kama kiti kitumike. Nauliza tukitumie vipi ili mzee wa goti bovu naye afike akiwa amepumzika.

Msafiri wa Tanga

Dada Mama Wawili, nakushukuru kwa kuandika bila jazba, nami nitajaribu kukujibu vivyo hivyo, maana mimi ndiye yule mzee, ingawa sina umri wake. Nina urefu wa mita 1 na sentimita 93, nimefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo, na kazi yangu hunipandisha ndege ya Nairobi kwenda New York mara mbili au tatu kwa mwaka. Ile safari inakaribia muda wa saa 15. Kiti cha daraja la kawaida kimeachana na cha mbele yake kwa sentimita 80 hivi, na zile sentimita chache ninazozipata ninapokilaza ndizo zinazoniwezesha kutembea siku inayofuata. Watu wengi hudhani kulaza kiti ni anasa. Kwangu ni dawa.

Nina hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba nimelipia kiti kinacholala. Kama kampuni inajua kwamba nyuma yangu patawekwa kitu kitakachozuia, imeniuzia bidhaa pungufu kwa bei kamili, tena bila kuniambia. Ya pili ni kwamba sheria yenyewe inaruhusu mtoto wa chini ya miaka miwili apakatwe. Sisi sote tumelelewa mapajani. Kwenye basi la Tanga, kwenye daladala, kwenye boti ya Unguja, mtoto hupakatwa na nauli hasumbuliwi. Ajali za ndege ni chache mno. Je, ni haki kumtesa mtu mmoja kwa hakika, usiku mzima, ili kujikinga na jambo ambalo kwa uwezekano mkubwa halitatokea?

Ninauliza kwa nia ya kuelewa, si kwa ubishi.

Mama Wawili

Kaka yangu, pole sana kwa upasuaji, na hoja yako ya kwanza naikubali yote. Ulistahili kuambiwa, na mzee wangu naye alistahili kuambiwa. Nitairudia.

Hoja ya pili ndiyo ambayo nami niliishi nayo kwa miaka. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu sana, alinipigia simu kabla ya safari akaniuliza kwa masikitiko kwa nini mtoto aketi peke yake kwenye ndoo ilhali mama yupo. Nilimweleza kwamba mtoto hangekuwa peke yake, mkono wangu ungekuwa juu ya kifua chake, ila kitakachomshikilia ndege ikitikisika ni mkanda.

Naomba usifikirie ajali kubwa peke yake. Fikiria mtikisiko wa hewa, ambao wewe mwenye safari za saa 15 umeuonja mara nyingi kuliko mimi. Tarehe 21 Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines, safari namba 321 kutoka London, ilikumbwa na mtikisiko mkali ikiwa juu ya Myanmar. Uchunguzi wa awali ulionyesha kwamba ndani ya sekunde 4.6 ndege ilishuka futi 178, yaani kama mita 54, na kwamba katika sekunde hizo waliokuwa hawajafunga mikanda walirushwa juu kisha wakabwagwa chini. Taa ya mikanda ilikuwa imewashwa sekunde chache tu kabla. Abiria mmoja alifariki, makumi wakaumia, na ndege ikalazimika kutua Bangkok. Mtu mzima aliyekuwa amefunga mkanda alibaki kitini. Mtoto wa kupakatwa hana mkanda wa kumbakiza, ana mikono ya mama aliyeshtuka usingizini.

Tarehe 5 Januari mwaka huohuo, ndege ya Alaska Airlines, safari namba 1282, ilipoteza kipande cha ukuta wake kilichoziba nafasi ya mlango muda mfupi baada ya kupaa kutoka Portland. Tundu lilibaki wazi kando ya mstari wa 26, na mvulana aliyekuwa karibu nalo alichomolewa shati mwilini na upepo. Hakuna aliyefariki, na viti viwili vilivyokuwa jirani kabisa na tundu havikuwa na mtu. Ndani ya ndege mlikuwa na watoto watatu waliopakatwa. Jennifer Homendy, mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, aliwaomba wazazi tena baada ya tukio hilo wawakatie watoto tiketi na kuwafunga kwenye viti vyao.

Kuhusu daladala, nakubali ndivyo tulivyokua. Lakini ndani ya ndege hata birika la kahawa hufungiwa kabatini ndege inapotaka kutua, na begi langu la mkononi haliruhusiwi kukaa mapajani. Nikilitazama hilo, siwezi kukubali kwamba kilo 9 ambazo hazitafungwa zikawa za mwanangu.

Mhudumu Mstaafu

Wanangu, salaam. Nimehudumu ndani ya ndege kwa zaidi ya miaka ishirini, na kesi kama hii nimeiamua zaidi ya mara moja, wakati mwingine vizuri na wakati mwingine vibaya. Nawaambia kutoka moyoni kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu humalizika kabla watu hawajapanda, endapo mzazi na wakaguzi wa tiketi watafanya kazi yao.

Kwanza, mahali. Kiti cha mtoto hakiruhusiwi kumzibia abiria yeyote njia ya kutokea, ndiyo maana huwekwa dirishani. Katika ndege pana zenye viti vya kati vitatu au vinne, kinaweza pia kukaa katikati ya safu hiyo kama pande zote mbili wamekaa watu wa familia. Hakiwekwi kwenye mstari wa mlango wa dharura, na kampuni nyingi hazikitaki hata kwenye mistari inayopakana nao. Mzazi aliyechagua kiti cha kando ya ujia akadhani atambananisha mtoto hapo atahamishwa, na atahamishwa wakati ndege imeshajaa, saa mbaya kuliko zote.

Pili, na hili ndilo nililotaka kumwambia binti yangu Mama Wawili: mtu wa kukaa mbele ya mtoto ni baba yake. Mnapokuwa wazazi wawili, msikate viti vitatu vya mstari mmoja. Kateni viwili dirishani na jirani yake, mama na mtoto wakae hapo, kisha kimoja cha dirishani katika mstari wa mbele yao, baba akae hapo. Kiti kitakachokosa kulala kitakuwa cha baba, naye hatamlalamikia mtu. Nimelishauri hilo kwa wazazi wengi pale mlangoni, na kila nilipofanikiwa kuwahamisha, safari ilikuwa tulivu.

Tatu, aina ya kiti. Kile cha ndoo kinachoelekea nyuma ndicho kinachomzuia wa mbele asilaze, kwa sababu ukingo wake wa juu huinamia mgongo wa kiti chake. Kinachoelekea mbele hakizuii, ila huleta adha nyingine: miguu ya mtoto wa mwaka mmoja na nusu hufika barabara kwenye mgongo wa jirani, na kila anaponyoosha goti, yule wa mbele anapigwa teke kwenye figo. Mvueni viatu kabla ya kuondoka. Hata hivyo, usimgeuze mtoto mchanga aelekee mbele ili kumridhisha abiria. Shingo yake haijakomaa, na maelekezo ya mtengenezaji wa kiti kuhusu uzito na umri hayabadiliki kwa kuwa mko angani.

Nne, ufungaji. Kitako cha kiti, kile kinachobaki ndani ya gari, kiacheni nyumbani. Mkanda wa ndege wa kiunoni hupitishwa kwenye njia zake kwenye kiti, hukazwa huku umekikandamiza kiti kwa goti, na ukikitikisa hakitakiwi kusogea zaidi ya inchi moja. Kwa viti vinavyoelekea mbele, mara nyingi kifungo cha mkanda huangukia mgongoni mwa mtoto. Kigeuzeni uso wake uangalie ndani ya kiti cha ndege, au muombeni mhudumu kiungio cha kurefusha mkanda ili kifungo kisogee pembeni. Msipofanya hivyo mtoto atalia safari nzima na hamtajua sababu.

Kuhusu kile kikapu kinachotundikwa ukutani mbele ya mstari wa kwanza, nakisifu kwa usingizi. Kwa usalama hakisaidii kitu. Mtoto hutolewa humo wakati wa kupaa, wakati wa kutua, na kila taa ya mikanda inapowaka, yaani hutolewa katika saa zilezile anazohitaji kushikiliwa.

Baba Pacha

Shikamoo mama, na asante kwa somo. Naandika kutoka Muscat, nina pacha wa miezi kumi na moja, na mwezi wa kumi na mbili tunakwenda Zanzibar kwenye harusi ya dada yangu. Naomba msaada katika mambo mawili.

La kwanza ni fedha. Mtoto wa kupakatwa ananilipisha kama asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima. Mtoto mwenye kiti chake ananilipisha karibu asilimia 75. Kwa pacha wawili ni kama kununua tiketi ya mtu mzima na nusu. Sina uwezo mkubwa, na harusi ni harusi. La pili ni kwamba viti vyangu nimenunua hapa, vina alama ya Umoja wa Mataifa, ile ya herufi E ndani ya duara yenye maandishi R129, lakini hakuna popote palipoandikwa ndege. Je, vitakubaliwa?

Mhudumu Mstaafu

Marahaba mwanangu, na hongera kwa pacha. Jibu la pili ni jepesi zaidi, nianze nalo. Kanuni ya Marekani inakubali kiti chenye alama ya Umoja wa Mataifa. Makampuni mengine hutofautiana: wapo wanaotosheka na alama hiyo, wapo wanaotaka maandishi yanayotaja matumizi ndani ya ndege, hasa yale yanayotolewa na taasisi ya Ujerumani ya TÜV Rheinland. Iandikieni kampuni yenu, tajeni jina na toleo la kiti, na jibu lao mlichapishe kwenye karatasi mlibebe. Mhudumu aliyechoka saa tisa za usiku huamini karatasi ya kampuni yake kuliko maelezo ya abiria.

Pimeni pia upana. Kiti kisichozidi sentimita 40 huingia kwenye viti vingi vya daraja la kawaida. Kikizidi hapo, ulizeni upana wa kiti cha ndege yenu kati ya mkono na mkono.

Fahamuni pia kwamba mtu mzima mmoja hapakati watoto wawili. Ukisafiri peke yako na pacha, mmoja wao lazima awe na kiti chake, hilo si la hiari.

Mama Wawili

Kaka Baba Pacha, kuhusu fedha sitakudanganya, ni mzigo. Na mzigo huo ndio uliosababisha sheria ibaki ilivyo. Baada ya Sioux City, ile Bodi ya Usalama ilipendekeza mwaka 1990 kwamba kila mtoto mchanga awe na kiti chake. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliupima ushauri huo kwa miaka, na mwaka 2005 ikatangaza kwamba haitaulazimisha, kwa hoja kwamba familia zikilazimishwa kulipia kiti cha nyongeza, baadhi zitaacha ndege na kusafiri kwa gari, na barabarani hufa watoto wengi zaidi. Ni hoja ya watu wanaohesabu maisha ya watu wote kwa pamoja, na sioni ubaya wa kuhesabu hivyo kwa mtu anayetunga sheria. Lakini mamlaka hiyohiyo inawahimiza wazazi kwa msisitizo watumie kiti, na inasema wazi kwamba mikono ya mzazi haitoshi. Mimi situngi sheria ya nchi. Nilikuwa na mtoto mchanga wa miezi tisa na safari moja mbele yangu.

Kanada walifikishwa kwenye mjadala huu kwa msiba. Tarehe 22 Desemba 2012 ndege ndogo iliyotoka Winnipeg ilianguka ikijaribu kutua Sanikiluaq, kaskazini ya mbali, ikiwa na watu tisa. Wanane walinusurika. Aliyefariki ni mtoto wa miezi sita, naye alikuwa amepakatwa. Bodi ya uchunguzi ya nchi hiyo ilipendekeza baadaye kwamba watoto wachanga na wadogo wafungwe kwa vifaa vinavyowafaa. Nimeisoma taarifa ile mara mbili, na mara zote mbili nilikwenda chumbani kumtazama wangu akilala.

Kama nauli ya viti viwili haitafutika, anza na kimoja na mwulize wakala safari ipi ina nafasi. Katika safari zisizojaa, wakaguzi wengi humruhusu mzazi kutumia kiti kitupu kwa kiti cha mtoto bila malipo, ukiomba kwa adabu mapema pale kaunta. Si haki unayoweza kuidai, lakini wengi huipata. Na kwa siku za usoni, mtoto akifikisha kilo 10, kuna mkanda wa begani uitwao CARES ulioidhinishwa Marekani, unaozungushwa nyuma ya kiti cha ndege na kumshika mtoto mabegani, hadi kilo 20. Hauchukui nafasi ya mtu wa mbele hata kidogo.

Sasa narudi kwako, kaka wa Tanga, kwa ile hoja ya kuambiwa. Kampuni ya ndege ilijua wiki mbili kabla kwamba kiti changu kitakuwepo, na ilijua mstari. Kumtumia abiria wa mbele ujumbe na kumpa nafasi ya kubadili kiti bila gharama kungewachukua dakika moja. Kama hakuna nafasi, wangenirudia mimi nipange upya. Badala yake walituacha tukutane hewani, yeye na goti lake na mimi na mtoto wangu, tukitazamana kama wagomvi ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyemkosea mwenzake.

Msafiri wa Tanga

Dada, nimesoma yote, na habari ya Sanikiluaq sikuwa nayo. Hoja yangu kwamba mtoto apakatwe naiondoa. Sikuwa nimelitazama jambo kwa upande wa mkanda, nilikuwa nalitazama kwa upande wa desturi.

Hoja ya kuambiwa nabaki nayo, na nafurahi kwamba tunaishikilia pamoja. Nimeandika leo kwa kampuni ninayosafiri nayo nikiwaomba waweke alama kwenye ramani ya viti, kama wanavyoweka kwa mistari isiyolala iliyo mbele ya vyoo, ili mtu mwenye mgongo kama wangu ajue asichague hapo. Nimewaomba pia wamruhusu mzazi achague kiti cha mbele ya mtoto bila kulipia uchaguzi huo, kwa sababu makampuni mengi siku hizi hutoza kila kiti unachokichagua, na kwa utaratibu huo ushauri wa mama yetu Mhudumu Mstaafu unakuwa wa wenye nazo tu.

Na nikijikuta nimeshaketi mbele ya kiti cha mtoto, nitamwita mhudumu kabla milango haijafungwa, wakati bado watu wanaweza kubadilishana. Nina hakika yupo kijana mfupi mahali fulani ndani ya ndege ambaye hajali kukaa wima.

Mhudumu Mstaafu

Kabla milango haijafungwa, mwanangu, umesema neno la kazi. Baada ya hapo mhudumu ana mikono miwili na abiria mia mbili. Jambo moja la kuongeza: mzazi naye apande mapema, familia zenye watoto zinapoitwa, akifunge kiti akiwa na nafasi ya kuinama, kisha amsalimie wa mbele anapofika. Amwambie mwenyewe kwamba kiti hiki kitamzuia kulaza. Watu huvumilia mengi wanapoelezwa mapema na mwenye jambo lake.

Baba Pacha

Narudi na taarifa, wazee wangu. Kampuni imejibu kwa barua pepe kwamba alama ya R129 inakubalika kwao. Viti vyangu vina sentimita 43, na cha ndege yao kina 44 kati ya mikono, kwa hiyo tunaingia kwa tabu lakini tunaingia. Nimekata viti viwili vya watoto, na zawadi ya dada itakuwa ndogo kuliko nilivyopanga, nimemweleza, amekubali. Mke wangu atakaa mstari wa 31 kati ya dirishani alipo pacha mmoja na ujia, na mama yangu mstari wa 32 vivyo hivyo na pacha wa pili. Mbele ya pacha wa mstari wa 32 yupo pacha mwenzake, ambaye kiti chake hakihitaji kulazwa. Mbele ya yule wa mstari wa 31 nimekaa mimi, dirishani, mstari wa 30.